Mashtaka ya Kuziba Mdomo na Sheria Zilizozaliwa Kuyazuia



Katika mwezi wa nne wa mwaka 2008, nyumba ndogo ya uchapishaji ya mji wa Montréal, iitwayo Écosociété, ilitoa kitabu cha Kifaransa chenye jina Noir Canada. Waandishi wake, Alain Deneault, Delphine Abadie na William Sacher, walikuwa wamekusanya ripoti, makala za magazeti na hati mbalimbali kuhusu mwenendo wa kampuni za Kanada zinazochimba mali ya ardhi katika Afrika. Ndani yake yalitajwa mambo ya Bulyanhulu nchini Tanzania, na mambo ya dhahabu ya kwetu Kivu. Kabla kitabu hakijafika madukani, barua ya mawakili wa kampuni ya Barrick Gold ilikuwa imekwisha kuwafikia wachapishaji. Mwezi haukuisha, kampuni hiyo ikafungua kesi ya madai katika Québec, ikitaka fidia ya dola milioni 6. Katika mwezi wa sita kampuni ya pili, Banro, yenye makao yake Toronto na vibali vya dhahabu katika Kivu ya Kusini na Maniema, ilifungua kesi nyingine katika jimbo jirani la Ontario, ikitaka dola milioni 5.

Hivyo dola milioni 11 zilidaiwa kwa nyumba ya vitabu yenye wafanyakazi wachache na kwa waandishi watatu. Kampuni zote mbili zilikana yaliyoandikwa juu yao na kusema kwamba jina lao limechafuliwa. Waandishi walijibu kwamba wameleta mbele ya watu mambo yaliyokwisha kuandikwa na wengine, ili yachunguzwe. Hatutaamua hapa nani alisema kweli, kwa sababu hakuna mahakama iliyowahi kuamua. Tunachotaka kutafakari ni namna ugomvi mkubwa kama huo unavyoweza kwisha bila ukweli kuguswa, na namna nchi mbalimbali, kwa muda wa miaka zaidi ya 30, zilivyojaribu kuweka sheria ili jambo hilo lisiwe la kawaida.

Kesi isiyotafuta ushindi

Tuanze kwa kutenganisha mambo mawili. Mtu aliyesingiziwa wizi mbele ya jirani zake ana haki ya kwenda kwa mwamuzi na kudai jina lake lisafishwe. Jina jema ni mali, na wazee wetu walilitunza kuliko ng'ombe. Kesi ya namna hiyo inatafuta mwisho: mwamuzi asikilize, mashahidi waseme, hukumu itolewe, watu warudi nyumbani.

Lakini iko kesi nyingine ambayo mwenye kuifungua hana haja ya kushinda. Haja yake ni irefuke. Kila wiki inayopita ina gharama zake: mawakili, au maavoka kama tunavyosema huku kwetu, nakala za hati, mahojiano ya siku nyingi kabla ya kesi yenyewe kuanza, safari, usiku bila usingizi. Kwa kampuni kubwa, gharama hizo ni mstari mmoja katika hesabu ya mwaka. Kwa mwalimu, mkulima au mwandishi, ni ada za watoto na paa la nyumba. Siku mshitakiwa atakapochoka na kuahidi kunyamaza, mshitaki amepata alichotaka, ingawa hakuthibitisha neno hata moja. Na jirani waliokuwa wakitazama watajiambia kimoyomoyo kwamba yaliyompata yule yasije yakawapata wao. Hivyo kesi moja hufunga vinywa vingi visivyotajwa katika hati yoyote.

Watu wa Québec, wasemao Kifaransa kama ilivyo katika ofisi na shule zetu, waliziita kesi hizo kwa neno linalotaja kile kitambaa anachofungwa mtu mdomoni asiweze kupiga kelele. Sisi tutaziita mashtaka ya kuziba mdomo.

Wachungaji wanne wa Alabama

Silaha hiyo ni ya zamani kuliko jina lake. Tarehe 29 mwezi wa tatu mwaka 1960, gazeti la New York Times lilichapa tangazo la kulipiwa, lililoomba msaada kwa ajili ya Martin Luther King na vijana weusi waliokuwa wakipinga ubaguzi katika majimbo ya kusini mwa Marekani. Tangazo lilikuwa na makosa madogo. Kwa mfano, hesabu ya mara ambazo King alikamatwa haikuwa sahihi. L. B. Sullivan, mmoja wa wakuu wa mji wa Montgomery aliyesimamia polisi, alifungua kesi ingawa jina lake halikuandikwa popote katika tangazo lile. Hakulishitaki gazeti peke yake. Aliwashitaki pia wachungaji wanne weusi wa Alabama, Ralph Abernathy, Fred Shuttlesworth, S. S. Seay na J. E. Lowery, ambao majina yao yalikuwa yamewekwa chini ya tangazo bila wao kuombwa ruhusa.

Baraza la wazee wa mahakama la Montgomery, wote weupe, liliamua mwaka huohuo Sullivan alipwe dola 500,000. Rufaa ilipokuwa bado inasubiriwa, magari ya baadhi ya wachungaji hao yalikamatwa, na kipande cha ardhi cha Abernathy pia, ili vilipe deni la hukumu. Wakuu wengine wa Alabama nao walifungua kesi zao. Lengo lilieleweka kwa kila mtu: magazeti ya kaskazini yaogope kuandika habari za kusini, na wachungaji waogope kutia majina yao mahali popote.

Tarehe 9 mwezi wa tatu mwaka 1964, Mahakama Kuu ya Marekani ilifuta hukumu ile bila mwamuzi hata mmoja kupinga. Ilisema kwamba mtumishi wa serikali anayedai fidia kwa maneno yaliyosemwa juu ya kazi yake lazima athibitishe kwamba msemaji alijua anasema uongo, au hakujali kabisa kama ni kweli au uongo. Ulikuwa ushindi mkubwa. Hata hivyo tuangalie kalenda: ilichukua miaka minne, na ngazi zote za mahakama. Gazeti tajiri liliweza kungoja. Mchungaji ambaye gari lake limekwisha kuuzwa hangojei kwa namna ileile. Hukumu ya mwaka 1964 ilimpa msemaji ngao ya mwisho wa safari. Ilikuwa bado haijapatikana ngao ya mwanzo wa safari.

Jambo lapata jina na sheria

Katika miaka ya 1980, walimu wawili wa Chuo Kikuu cha Denver, George Pring wa sheria na Penelope Canan wa elimu ya jamii, walianza kukusanya kesi zilizofanana kwa namna ya ajabu. Mtu amesimama katika mkutano wa mji kupinga ujenzi; mwingine ameandika barua kwa ofisi ya serikali; mwingine amekusanya sahihi za jirani zake. Wote walijikuta mahakamani wakidaiwa fedha ambazo hawatazipata maisha yao yote. Walimu hao walionyesha kwamba nyingi za kesi hizo hatimaye hutupwa na waamuzi, lakini ushindi huo huja wakati mshitakiwa amekwisha kuchoka na kukimbia mambo ya umma. Hapo ndipo jambo lilipopata jina lake kwa Kiingereza, na bila jina ni vigumu kutunga sheria.

Jimbo la Washington lilikuwa la kwanza, mwaka 1989. Huko mama mmoja aliipasha serikali habari kwamba kampuni ya nyumba haikulipa kodi inayopaswa, kampuni ikamshitaki. Wabunge walitunga sheria ya kumlinda mtu anayepeleka habari kwa nia njema kwenye ofisi za serikali. Mwaka 1992 New York na California zilifuata. Sheria ya California ndiyo iliyoigwa zaidi, na inafaa tueleze utendaji wake.

Mshitakiwa anayeamini kwamba ameshitakiwa kwa sababu ya kusema juu ya jambo la umma anaruhusiwa, ndani ya siku 60, kumwomba mwamuzi aisimamishe kesi. Mara ombi likifika, mahojiano na kudaiana hati husimama, na kwa hiyo gharama nazo husimama. Kisha mzigo unahama: mshitaki ndiye anayetakiwa kuonyesha mapema kwamba dai lake lina msingi wa kweli. Akishindwa, kesi inafutwa, naye analipa mawakili wa yule aliyemshitaki. Kwa maneno mengine, sheria inamgeuzia silaha yake: aliyetaka kumfilisi mwenzake kwa gharama atazibeba mwenyewe.

Leo zaidi ya majimbo 30 ya Marekani yana sheria ya aina hii, ingawa nguvu zake hazilingani. Lakini historia haikunyooka. Katika California kampuni kubwa ziligundua kwamba nazo zaweza kujificha nyuma ya ngao hiyo zinaposhitakiwa na wateja wao, hata mwaka 2003 wabunge wakalazimika kuweka mipaka. Katika Washington, sheria mpya ya mwaka 2010 ilifutwa na Mahakama Kuu ya jimbo mwaka 2015, kwa sababu ilimpa mwamuzi uwezo wa kupima ushahidi ambao kwa haki ungepimwa na baraza la wazee. Jimbo lilitunga nyingine mwaka 2021. Tunaona kwamba ngao ya mnyonge, isipotengenezwa kwa uangalifu, yaweza kubebwa na mwenye nguvu, au kumnyima mtu mwingine haki ya kusikilizwa.

Québec yatunga sheria, na kitabu kinangoja

Turudi sasa Québec. Huko mjadala ulikuwa umeanza kabla ya kitabu cha Noir Canada. Mwaka 2005 wakaaji na watetezi wa mazingira waliolalamikia kiwanda cha vyuma chakavu kando ya mto Etchemin walidaiwa dola milioni 5. Serikali ya jimbo ikaunda kamati ya wataalamu, iliyoongozwa na Roderick Macdonald wa Chuo Kikuu cha McGill, nayo ikatoa ripoti yake mwaka 2007. Kesi ya kitabu ilipofunguliwa mwaka uliofuata, watu wengi wa Québec waliona kwa macho yao kile ambacho ripoti ilikuwa imeeleza kwa maneno. Walimu wa vyuo, wanasheria na wasomaji wa kawaida walitia sahihi zao kuwatetea waandishi.

Tarehe 3 mwezi wa sita mwaka 2009, bunge la Québec lilipitisha sheria ya kuzuia matumizi mabaya ya mahakama, hasa yale yanayozuia watu kusema katika mijadala ya umma. Sheria hiyo haikuishia kwenye maneno ya kashfa tu. Ilimpa mwamuzi uwezo wa kuuliza, katika kesi yoyote, kama mlango wa mahakama unatumiwa kwa nia nyingine kuliko kutafuta haki. Mshitakiwa akionyesha kwa muhtasari kwamba kuna dalili ya matumizi mabaya, mshitaki anatakiwa kuonyesha kwamba kesi yake haikupita kiasi na ina msingi katika sheria. Mwamuzi aweza kuifuta, au kupunguza madai, au kumwamuru mwenye mali amlipe mwenzake fedha za kujitetea wakati kesi inaendelea. Na kampuni ikionekana imeitumia mahakama vibaya, wakuu wake walioshiriki waweza kulipishwa wao wenyewe. Kanuni hizo zipo hata leo, katika vifungu vya 51 hadi 56 vya kode mpya ya madai iliyoanza kazi mwaka 2016.

Écosociété na waandishi wakaitumia sheria hiyo. Katika mwezi wa nane wa mwaka 2011, Mwamuzi Guylène Beaugé wa Mahakama ya Juu ya Québec alitoa uamuzi wake. Alisema kwamba namna Barrick ilivyoiendesha kesi ilikuwa na sura ya matumizi mabaya, akaiamuru kampuni iwalipe washitakiwa zaidi ya dola 140,000 ziwasaidie kujitetea. Lakini hakuifuta kesi, kwa sababu aliona kwamba kampuni nayo ina haki ya kusikilizwa kuhusu jina lake. Kesi yenyewe ilikuwa ipangwe kwa wiki nyingi katika miezi iliyofuata.

Haikufika huko. Katika mwezi wa kumi wa mwaka huohuo pande mbili zilipatana nje ya mahakama. Écosociété ilikubali kuacha kuchapa Noir Canada na kuilipa kampuni kiasi cha fedha. Washitakiwa walikuwa wamekwisha kupita miaka mitatu na nusu katika kesi, sheria ikiwa upande wao na uamuzi wa mwamuzi ukiwa mkononi, na bado kitabu kiliondoka madukani.

Kesi ya Banro katika Ontario ilikwenda njia nyingine. Washitakiwa waliomba isikilizwe Québec, mahali kitabu kilipoandikwa na kuchapwa, na ambapo sheria ya kuwalinda ilikuwapo. Ontario wakati ule haikuwa na sheria ya namna hiyo. Katika jimbo hilo zilikuwa zimepelekwa nakala 93 tu za kitabu. Swali la mahali lilipanda ngazi kwa ngazi hadi Mahakama Kuu ya Kanada, ambayo tarehe 18 mwezi wa nne mwaka 2012 ilijibu kwamba mahakama za Ontario zina uwezo wa kuisikiliza, kwa kuwa maneno yalisomwa huko na jina la kampuni lilikuwa huko. Miaka karibu minne ilikuwa imepita kwa kuulizana ni wapi pa kuulizana. Kesi hiyo nayo ilimalizika baadaye kwa mapatano.

Hapa tunaomba msomaji atulie kidogo. Mwaka 2011, mawakili walipokuwa wakijadili kitabu hicho katika Montréal na Ottawa, dhahabu ya kwanza ya Banro ilimiminwa Twangiza, katika Luhwindja, eneo la Mwenga. Watu wa Luhwindja na watu wa Bulyanhulu ndio waliotajwa katika kurasa zile, kwa usahihi au kwa makosa. Hakuna aliyewaita. Hawakuwa washitaki wala washitakiwa. Kama kesi ingesikilizwa mpaka mwisho, labda mashahidi wangeitwa. Kama waandishi walikosea, makosa yao yangeonekana, na kampuni zingesafishwa mbele ya watu wote. Kama hawakukosea, hilo nalo lingejulikana. Kesi iliyokwisha kwa uchovu haikumpa mtu yeyote jibu, hata kampuni zenyewe zilizosema zinatafuta kusafisha jina. Ndiyo hasara kubwa ya mashtaka ya kuziba mdomo: yanamnyamazisha msemaji, na papo hapo yanawanyima ukweli wale ambao habari ni yao.

Mizani yenye sahani mbili

Ontario ilitunga sheria yake mwaka 2015. Ni kali kuliko ile ya Québec katika jambo la muda: ombi la kufuta kesi linapaswa kusikilizwa ndani ya siku 60. Mshitakiwa huonyesha kwamba maneno yake yanahusu jambo la umma. Kisha mshitaki huonyesha kwamba dai lake lina msingi, kwamba utetezi wa mwenzake hauna nguvu, na kwamba madhara aliyoyapata ni makubwa kuliko faida ya umma katika kuyalinda maneno yale.

Tarehe 10 mwezi wa tisa mwaka 2020, Mahakama Kuu ya Kanada ilitoa hukumu mbili kwa siku moja juu ya sheria hiyo. Katika ya kwanza, kampuni ya ujenzi ilikuwa imedai dola milioni 6 kwa chama cha wakaaji wa Sault Ste. Marie, kwa sababu kiongozi wao alitoa ushahidi kwamba ujenzi uliokusudiwa ungeharibu maji na ardhi oevu. Mahakama ilifuta kesi hiyo. Katika ya pili, daktari alimshitaki wakili aliyeandika juu yake katika barua iliyowafikia wanasheria wengi. Mahakama, kwa waamuzi watano dhidi ya wanne, iliruhusu kesi iendelee, kwa kuwa daktari alionyesha dalili za kutosha kwamba jina na kazi yake vimeumizwa.

Tunazipenda hukumu hizo mbili zikisomwa pamoja. Zinaonyesha kwamba sheria ya kumlinda msemaji haikutungwa ili kila mtu aseme lolote juu ya yeyote. Anayemsingizia jirani yake bado atajibu. Inachofanya ni kumtaka mwamuzi atazame mapema sahani zote mbili za mizani, wakati mshitakiwa bado ana pumzi.

Afrika na Ulaya

Sheria hizi hazikubaki ng'ambo ya bahari. Katika Afrika Kusini, kampuni mbili zenye uhusiano na mchimbaji wa madini ya mchanga kutoka Australia, pamoja na baadhi ya wakuu wao, ziliwashitaki mawakili watatu wa mazingira na watetezi watatu wa jamii, zikidai zaidi ya randi milioni 14 kwa ajili ya maneno waliyoyasema katika mihadhara, vitabu na redio kuhusu machimbo ya Tormin na Xolobeni. Nchi hiyo haikuwa na sheria maalumu. Washitakiwa walisema kwamba sheria za kale za nchi, zinazokataza kuitumia mahakama vibaya, zinatosha kuwakinga. Mwaka 2021 Mwamuzi Patricia Goliath wa Cape Town alikubali, na tarehe 14 mwezi wa kumi na moja mwaka 2022 Mahakama ya Katiba ikathibitisha kwamba kinga hiyo ipo. Iliongeza sharti: haitoshi kuonyesha nia mbaya ya mshitaki, lazima msingi wa dai lake nao upimwe.

Katika Ulaya, somo lilikuja kwa damu. Daphne Caruana Galizia, mwandishi wa habari wa Malta, aliuawa kwa bomu lililotegwa katika gari lake tarehe 16 mwezi wa kumi mwaka 2017. Siku aliyokufa alikuwa anakabiliwa na kesi zaidi ya 40 za kuchafua majina. Baadhi ya kesi hizo ziliendelea dhidi ya warithi wake, waliokuwa bado katika matanga. Umoja wa Ulaya ulipitisha mwaka 2024 agizo linalozitaka nchi wanachama ziwakinge wanaosema juu ya mambo ya umma dhidi ya kesi za namna hii zinazovuka mipaka. Wengi wanaliita kwa jina lake, sheria ya Daphne.

Na kwetu?

Katiba yetu ya mwaka 2006, katika kifungu cha 23, inampa kila mtu uhuru wa kutoa mawazo yake, kwa kuheshimu sheria, utaratibu wa umma na maadili mema. Kifungu cha 258 cha kitabu cha tatu cha kode ya raia, cha tangu mwaka 1888, kinamtaka kila aliyemdhuru mwenzake kwa kosa lake alipe. Na kwa msingi huo aliyeshitakiwa bila sababu aweza kuomba fidia kwa kesi ya kijeuri na ya kusumbua. Kwa hiyo mbegu ipo, kama ilivyokuwapo Afrika Kusini. Lakini fidia hiyo huja mwishoni, kama ushindi wa mwaka 1964, baada ya gari kuuzwa. Zaidi ya hayo, kwetu maneno ya kudhuru jina ni pia kosa la jinai, na anayetishwa kwa gereza haogopi kwa kiasi kilekile na anayetishwa kwa deni.

Tukitazama njia yote tuliyoipita, kutoka Montgomery hadi Montréal, tunaona jambo moja likirudi. Waamuzi wengi walikuwa waadilifu, na sheria nyingi zilikuwa nzuri, lakini muda ulikuwa upande wa mwenye fedha. Wazee walisema mwenye nguvu mpishe. Sheria tulizozieleza zinakataa neno hilo lisitawale ndani ya mahakama, na zinalikataa kwa njia rahisi: zinamtaka mwenye nguvu aonyeshe haki yake mlangoni, kabla ya kuingia na mizigo yake yote. Bunge letu likitaka kuifuata njia hiyo, mifano haikosekani, na makosa ya wengine yameandikwa wazi ili yasirudiwe.

Nasi raia tuna sehemu yetu, hata kabla ya sheria. Anayesema kwa niaba ya kijiji kuhusu maji yaliyochafuka au mashamba yaliyochukuliwa, aseme alichokiona, atofautishe alichokiona na alichosikia, atunze tarehe na karatasi. Hakuna ngao inayomfaa mtu kuliko ukweli uliopimwa. Na siku atakapoitwa mbele ya mwamuzi, asiende peke yake. Waandishi wa Noir Canada walipata watu wengi wa kutia sahihi, ila kitabu hakikusimama. Wakaaji wa Sault Ste. Marie walikuwa na chama chao, na sheria ilikuwa imekwisha kutungwa, wao walisimama. Je, katika parokia na mitaa yetu, nani atasimama karibu na yule aliyesema kwa ajili yetu sote?